Tupande Mshubiri Mkebeni, Tusing'oe Nyikani

Mwaka huu nina neno moja tu, nalo linahusu mmea ambao wengi wetu huupita kila siku bila kuutupia jicho. Mmea wenyewe ni mshubiri. Wengine huuita alovera, wengine husema tu "ile dawa chungu". Nitazungumza hasa juu ya mishubiri midogo, ile ya kimo cha shubiri moja au mbili za mkono, na nitaeleza kwa nini naona kila mwanafunzi wa shule hii anaweza kuwa na mmoja kwao. Tena nitasema waziwazi kwa nini shule yetu isinunue mishubiri inayong'olewa nyanda za chini na kuletwa sokoni. Najua wapo watakaonuna. Lakini wahenga walisema, ukweli ukidhihiri uwongo hujitenga.

Kwa kuwa hili ni jarida la Kiswahili, nianze na jina. Neno shubiri lilitujia kutoka Kiarabu. Huko, jina la mmea huu na neno subira yanatoka katika mzizi mmoja. Kwa hivyo shubiri na subira ni ndugu wa tumbo moja, ingawa sisi tumezoea kuyatumia kana kwamba hayajuani. Tunasema habari fulani ilikuwa chungu kama shubiri, na kesho yake tunamwambia mwenzetu kuwa subira huvuta heri. Hebu yaweke pamoja maneno hayo mawili. Utapata somo lote la kupanda mmea huu: anayeukimbilia kwa maji na samadi huuua, na anayeungojea huufaidi.

Sasa, mishubiri ni ukoo mkubwa. Wataalamu wamehesabu aina zaidi ya 500, na makao yake ni Afrika, Bara Arabu na visiwa vya Bahari ya Hindi kama vile Madagaska na Sokotra. Hapa Kenya tu kuna aina zaidi ya 50. Cha kushangaza ni kwamba ile tunayoifahamu zaidi, yaani Aloe vera inayochorwa kwenye chupa za mafuta na sabuni, si ya kwetu. Asili yake ni Bara Arabu. Ya kwetu ni mingine, na baadhi imepewa majina ya mahali petu kabisa. Kuna Aloe ngongensis ya Ngong, Aloe nyeriensis ya Nyeri, Aloe turkanensis ya Turkana, Aloe kilifiensis ya Kilifi na Aloe rabaiensis ya Rabai. Mtu angeweza kufundisha somo la Jiografia kwa kutumia mishubiri peke yake, na darasa lisisinzie.

Katika ukoo huo wapo majitu na wapo vijeba. Kuna mishubiri inayokuwa mti mrefu kuliko nyumba. Halafu kuna mmoja wa Madagaska uitwao Aloe descoingsii, ambao majani yake yana urefu wa sentimita 3 hivi, na mmea mzima unaweza kuukalisha kwenye kiganja. Huo umekuwa adimu sana kwao, hata mikataba ya dunia imekataza biashara ya ile iliyong'olewa porini. Huku kwetu tunao Aloe myriacantha, unaopatikana kuanzia Afrika Kusini hadi Kenya. Majani yake ni membamba kama nyasi, tena hukaa katikati ya nyasi, na usipouona ukiwa na maua utaukanyaga ukidhani ni nyasi za ng'ombe.

Lakini ninaoupenda mimi ni Aloe juvenna. Huu ni mshubiri mdogo wenye majani mafupi ya pembe tatu, yaliyopangwa moja juu ya jingine kama vigae. Kando yake pana vijimeno vyeupe, na juani hubadilika rangi ukawa mwekundu wa udongo. Maua yake ni mekundu yenye ncha ya manjano. Mmea huu ulikuwa ukipandwa kwenye vyungu huko Ulaya, na watu hawakujua umetoka wapi. Wengine walidhani ni chotara aliyezaliwa bustanini. Mwaka wa 1979 wataalamu wawili wa bustani ya Kew huko Uingereza, Peter Brandham na Susan Carter, wakaupa jina lake rasmi. Hata jina lenyewe lina kichekesho, kwani inaelezwa kuwa lilitokana na kibandiko kilichosomwa vibaya: kilitaka kusema mmea huo bado ni mchanga. Baadaye ndipo ikajulikana kuwa kwao ni Kenya, katika milima ya kusini-magharibi karibu na mpaka wa Tanzania. Fikiria hayo, msomaji. Mtoto wa Kenya alikaa kwenye madirisha ya Wazungu, akapewa jina na Wazungu, na sisi wenye nchi hatukuwa na habari naye. Hata leo ukimwonyesha mtu wa Githongo atakuuliza, "Hii nayo ulinunua ng'ambo?"

Mmoja kama huo aliniletea shangazi yangu kutoka Nairobi mwaka wa 2022, katika kikombe cha plastiki kilichopasuka. Ulikuwa na urefu wa kidole changu cha kati. Leo ninayo kumi na minne, yote ikiwa imetoka kwa mama huyo mmoja, na hapo sijahesabu niliyogawia majirani na ile sita niliyouza nikanunua kitabu cha marudio cha Kemia. Sijisifu. Nataka tu mjue kuwa ninayoyasema nimeyaona kwa macho, si ya kuambiwa.

Sasa niingie kwenye kiini cha maoni yangu. Muhula wa pili, katika klabu ya mazingira, ililetwa hoja kwamba tupambe njia itokayo langoni hadi kwenye mlingoti wa bendera. Wenzetu wakapendekeza tununue mishubiri arobaini mikubwa kutoka kwa wachuuzi wa siku ya soko. Bei ilikuwa ya kuvutia, shilingi hamsini kwa mmoja, tena wenye maua tayari. Nilipouliza imeoteshwa wapi, nikajibiwa, "Si ni porini tu! Kwani pori lina mwenyewe?" Watu wakacheka na kengele ikalia. Hoja hiyo bado haijaamuliwa, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Jibu langu kwa ndugu yangu huyo ni kwamba ndiyo, pori lina mwenyewe. Kwanza, sheria ipo. Mnamo 1986 Rais Daniel arap Moi alipiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini. Sababu ni kwamba katika sehemu kame kama Laikipia, Samburu na Baringo watu walikuwa wakikata majani, wanakinga utomvu, wanauchemsha hadi unakuwa donge jeusi, kisha unauzwa nje ya nchi. Mimea ilikuwa ikiisha. Mwaka wa 2007 zikatolewa kanuni za shubiri zinazoruhusu watu kupanda na kuvuna walichopanda, kwa kibali, chini ya uangalizi wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Zaidi ya hayo, mishubiri yote ya porini imo katika mkataba wa dunia unaosimamia biashara ya viumbe vilivyo hatarini. Ni Aloe vera tu iliyoachwa nje ya orodha hiyo, kwa kuwa hiyo hupandwa mashambani kila mahali. Je, shule inayotufundisha uraia iwe ya kwanza kununua kisichouliziwa kilikotoka?

Pili, na hili ndilo kubwa kwangu, ni jinsi mmea wenyewe ulivyo. Mshubiri mkubwa unaoletwa sokoni kutoka upande wa Isiolo na Tharaka mara nyingi ni ule uitwao Aloe secundiflora, ambao maua yake yote huelekea upande mmoja wa tawi. Mshubiri huo kwa kawaida hukaa peke yake. Hauzai watoto pembeni kama mgomba. Unategemea mbegu. Mbegu nazo zinahitaji mimea miwili tofauti iliyo karibu, na ndege chozi au nyuki wa kubeba chavua kutoka huu hadi ule. Mche ukishaota, unahitaji miaka kadhaa kabla ya kutoa ua lake la kwanza. Sasa mchuuzi anachagua upi? Anachagua wenye maua, kwa sababu ndio unaonunuliwa. Yaani anang'oa mama mzazi siku ileile anapotaka kuzaa. Akirudi mara kumi, hapo mahali hapabaki mzazi wala mtoto. Na nyuki wa watu wa nyanda za chini, ambao msimu wa kiangazi hupata chakula kwenye maua hayo wakati mengine yamekauka, wataenda wapi? Asali tunayoletewa huku kutoka kule haitoki mbinguni.

Tatu, mishubiri hiyo ikifika huku kwetu haiishi. Hili halihitaji mtaalamu. Githongo iko mteremkoni mwa Mlima Kenya, ndiyo maana majani chai yanastawi. Mvua za Machi hadi Mei zinatukuta, za Oktoba hadi Desemba zinatukuta, na katikati, mwezi wa saba na wa nane, tuna baridi na ukungu unaofanya hata sweta ya shule isikauke kwenye kamba. Mmea uliokulia kwenye mawe na jua la Isiolo, ukaja huku mizizi imekatwakatwa, ukazikwa katika udongo mwekundu unaoshika maji, unaoza kuanzia chini. Nimehesabu mwenyewe katika boma moja karibu na barabara: waliopanda kumi mwezi wa tatu walibaki na miwili mwezi wa nane. Halafu wakanunua mingine. Huo si upambaji wa mazingira. Ni kuhamisha uharibifu kutoka kwa jirani na kuuleta mlangoni kwetu kwa shilingi hamsini.

Ndipo nasema, tugeukie ile midogo. Mshubiri mdogo kama juvenna hauna haja ya kung'olewa porini, kwa sababu unazaa pembeni bila kuombwa. Mama mmoja aliyetunzwa vizuri hutoa vichipukizi kadhaa kwa mwaka, na kila kimoja ni mmea kamili. Anayetaka mmoja anampa jirani yake, na hakuna kilichopungua. Ni kama moto wa mwenge, ukiwasha wa mwenzako wako hauzimiki.

Namna ya kuupanda ni rahisi, nami nitaieleza polepole kwa wale watakaotaka kujaribu.

Tafuta mkebe mtupu, kama ule wa Kasuku wa kilo moja, au sufuria iliyotoboka. Toboa matundu matano au sita chini kwa msumari. Usiseme tundu moja linatosha. Huku kwetu maji ndiyo adui. Weka tabaka la kokoto au vipande vya matofali. Kisha changanya udongo wa shamba sehemu moja, mchanga mkavu wa mto sehemu moja, na changarawe ndogo sehemu moja. Ukitia samadi, iwe konzi moja iliyooza kabisa. Samadi nyingi huunenepesha mmea ukawa laini kama mchicha, nao mmea laini huoza upesi.

Chukua kichipukizi chenye urefu wa vidole viwili au vitatu, ukitenganishe na mama kwa kisu safi. Hapa ndipo subira inapoanza. Usikipande siku hiyo! Kiweke kivulini siku tatu au nne mpaka kidonda kikauke na kufunga ngozi. Ukikipanda kikiwa kibichi, ukungu utaingia kwenye kidonda. Baada ya kukipanda, usikinyweshe maji kwa wiki nzima. Najua mama zetu watakuona mvivu, maana tumezoea kwamba kilichopandwa leo hunyweshwa leo. Lakini mshubiri una ghala lake la maji ndani ya majani.

Baadaye, tia kidole ndani ya udongo hadi kiungo cha pili. Ukihisi unyevu, nenda zako. Ukihisi ukavu, mwagia maji mpaka yatoke chini, kisha sahau. Wakati wa jua hiyo huwa kama mara moja kwa wiki. Wakati wa ukungu wa mwezi wa saba inaweza kupita wiki tatu au hata nne. Mkebe ukae barazani chini ya ukingo wa paa, upande wa mawio, ili upate jua la asubuhi na usipigwe na mvua. Uweke juu ya ukuta au dirisha, la sivyo kuku wataufanya kiwanja cha kuchakurachakura.

Mmea wenyewe husema ukijua kuusikiliza. Majani yakiwa mekundu au ya kahawia lakini magumu, ni jua, si ugonjwa. Yakijikunja na kuwa membamba, ni kiu. Yakiwa laini na kama kioo kilicholowa, ni maji mengi. Utoe haraka, kata kilichooza, anza upya na sehemu nzima. Ukiona vitu vyeupe kama pamba katikati ya majani, hao ni wadudu. Wafute kwa kitambaa chenye maji ya sabuni. Na ukirefuka huku umepauka kama mtu aliyetoka wodini, unatafuta mwanga.

Anayetaka kuupanda bustanini badala ya mkebeni asichimbe shimo. Afanye kinyume: ainue tuta la mawe na vifusi hadi magotini, aweke mchanganyiko ule juu yake, kisha apande. Maji ya mvua yatapita yakaenda kwa nduma na migomba inayoyahitaji, na mshubiri utabaki miguu mikavu. Njia yetu ya bendera ina mteremko. Mawe yamelala nyuma ya maabara tangu jengo lilipomalizika. Kwani tunangoja nini?

Kuna jambo lililonivutia katika Bayolojia nikaona nilitaje hapa. Mimea mingi hufungua matundu ya majani yake mchana ili kuvuta hewa ya ukaa, na kwa kufanya hivyo hupoteza maji mengi kwa jua. Mshubiri hufungua matundu hayo usiku, huiweka hewa hiyo akiba, na mchana hujifungia ndani ukapika chakula chake polepole. Ndiyo sababu unaweza kukaa wiki bila maji na usilalamike. Sisi wanafunzi wa kutwa, tunaotoka nyumbani giza halijaisha na kurudi jua limezama, tunahitaji mmea wa namna hiyo hasa, unaoweza kungoja Jumamosi.

Sasa nijibu wapinzani, maana najua wapo. Wa kwanza husema, "Shamba letu ni dogo, limejaa majani chai, maua tutayapanda wapi?" Namwelewa. Kwetu shamba la babu liligawanywa kwa wana wanne, na sehemu ya baba yangu ukisimama katikati unaweza kurusha jiwe likavuka mpaka wowote ule. Sisi vijana tukigawanyiwa hiyo tena, kila mmoja atapata mahali pa kusimama tu. Lakini ndiyo sababu nataja mkebe! Mkebe hauhitaji hati ya shamba. Kijana asiye na hata futi moja ya ardhi anaweza kusema, "Hiki ni changu, nimekiotesha mimi." Sijui wenzangu, lakini kwangu mimi neno hilo lina uzito.

Wa pili husema, "Maua ni kazi ya wasichana." Huyo simjibu kwa maneno mengi. Nitamwuliza tu kama majani chai yanayomlipia karo huchumwa na wasichana peke yao.

Wa tatu husema mshubiri hauliwi, kwa hivyo hauna faida. Lakini kila kitu kizuri si lazima kiingie sufuriani. Hata hivyo, faida ipo. Kando ya barabara za Nairobi watu huuza mimea midogo ya vyungu kila siku, na wanaoinunua ni watu wa nyumba za ghorofa wasio na shamba. Miche iliyooteshwa na mtu mwenyewe haina haja ya kufichwa. Ila sitaki kumdanganya mtu kwamba atatajirika kwa mikebe kumi. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba si gunia.

Wa nne ndiye ninayemwogopa kidogo, kwa sababu anaupenda mshubiri kupita kiasi. Yeye husema ni dawa ya kila kitu: malaria, tumbo, kisukari, hata mitihani migumu. Ndugu zangu, tuwe na tahadhari. Ute mweupe wa katikati ya jani la Aloe vera watu huupaka ngozini, na hilo ni jambo moja. Ule utomvu wa manjano ulio chini ya ngozi ya jani ni jambo jingine kabisa. Huo huharisha kwa nguvu, na mama mjamzito hapaswi kuugusa mdomoni. Huko Marekani, mwaka wa 2002, mamlaka ya dawa iliamuru dawa za kuharisha zenye utomvu huo ziondolewe kwenye zile zinazouzwa bila cheti cha daktari, kwa kuwa hapakuwa na ushahidi wa kutosha kuhusu usalama wake. Tena si kila mshubiri ni ndugu wa alovera kwa tabia. Upo mmoja wa nchi ya Wataita, Aloe ballyi, ambao una sumu kabisa. Kwa hivyo vishubiri vyetu vya mkebeni tuvitazame, tuvitunze, tuvizidishe. Tusivinywe. Mgonjwa aende hospitali.

Kwa muhtasari, maombi yangu kwa klabu na kwa walimu wetu ni matatu. La kwanza, fedha zile zisinunue mmea wowote ambao muuzaji hawezi kutuambia umeoteshwa wapi. La pili, tujenge tuta la mawe kabla mvua hazijachanganya, na kila mwanafunzi wa kutwa mwenye mshubiri nyumbani alete kichipukizi kimoja. Mimi nitatoa vinane kati ya vyangu, na hilo nimeliandika hapa ili nisiweze kulikana. La tatu, kila mmea uwekewe kibao chenye jina lake kwa Kiswahili na jina la kitaalamu, pamoja na mahali asili yake ilipo. Wa kidato cha kwanza akipita asome kwamba huu ni wa Kenya, ule ni wa Bara Arabu. Kibao kimoja hugharimu ubao na rangi tu, na mafundi tunao humu humu darasani.

Labda mtasema tuta hilo halitapendeza mwaka huu. Ni kweli. Vichipukizi arobaini vya urefu wa kidole haviwezi kushindana na mishubiri arobaini yenye maua mekundu iliyoshushwa kwenye mkokoteni. Wageni wa siku ya wazazi wanaweza hata wasivione. Lakini mwaka ujao vitakuwa vimejaa, na mwaka wa tatu yake vitakuwa vimezaa vya kugawia shule ya msingi ya jirani. Sisi wa kidato cha tatu wakati huo tutakuwa tumekwisha toka. Hilo halinisumbui. Aliyepanda mgrevilea ulio kando ya uwanja wetu hakuketi chini ya kivuli chake, ila sisi tunaketi kila siku ya michezo.

Basi mwenye mkebe mtupu jikoni kwao asiutupe. Autoboe chini, aje aniombe kichipukizi. Sitamdai hata senti.

Kidato cha Tatu